Kilo Mbili za Nyongeza

Tumemzika Sikudhani wiki iliyopita, na tangu siku hiyo kuna neno limenikaa kooni. Tulikuwa tumekaa mkekani nyumbani kwake Buguruni, wanawake watupu, wali wa matanga umeshaliwa, watu wameanza kusimuliana habari za marehemu. Manesi aliofanya nao kazi walikuwa wengi. Mmoja wao, mnene, mcheshi, akawa anaeleza jinsi Sista Sikudhani alivyokuwa akimshika mkono mzazi mwenye uchungu mpaka mwenyewe anasahau kupiga kelele. "Yule hakufundishwa unesi," akasema. "Yule alizaliwa nao." Wenzake wakaitikia, kweli, kweli kabisa. Mimi nikachezea ncha ya kanga yangu, nikanyamaza, maana matanga si mahali pa kubishana. Lakini moyoni nikasema: alizaliwa nao, thubutu! Mimi nimemwona Sikudhani akiililia x ya Hesabu kama mtu anayelilia mume. Upo mwaka mmoja ambao ungekwenda kombo kidogo tu, hao manesi wasingemjua, na yeye angestaafu na fagio lake na ndoo yake. Mwaka huo tuliuishi wawili, chumba kimoja, Kariakoo, na sasa wa kuusimulia nimebaki peke yangu.

Ya kwetu Mbinga na namna nilivyofika mjini siyaelezi hapa, hayana tofauti kubwa na ya wengine. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimefeli Hesabu kidato cha nne, narudia mtihani, na asubuhi nauza mchele kwenye kibanda cha mtu nyuma ya soko. Tulipanga kwa Bi Mwanahawa, nyumba ya Kiswahili ya zamani, korido katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wake ua wenye bomba, choo na mafiga. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kushoto. Kitanda kimoja, tukilala mzungu wa nne, yeye kichwa mlangoni, mimi kichwa dirishani, kila mmoja ananusa miguu ya mwenzake. Ukuta haukufika juu mpaka kwenye bati, kwa hiyo ya chumba cha pili tuliyasikia yote. Waliishi humo mume na mke kutoka Lindi, watu wema sana, isipokuwa waligombana kila siku kuhusu nazi. Mume anataka nazi mbili kwenye samaki, mke anasema moja inatosha. "Tui gani hili? Haya si maji?" "Basi nenda kaoe mnazi!" Sikudhani alikuwa anaziba mdomo kwa mto asicheke kwa sauti, kitanda kizima kinatikisika. Nikimkumbuka, namkumbuka hivyo kwanza, akicheka ndani ya mto.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, kwa hiyo nilimwita dada Siku, naye aliniita mdogo wangu, na akikasirika, Restituta. Alikuwa mhudumu wa wodi kwenye hospitali moja ya mjini. Alifagia, alipiga deki, alibeba vyombo vya wagonjwa, na katikati ya hayo yote aliwaangalia manesi kama sisi tunavyoangalia watu kwenye televisheni. Alijua dawa gani inatolewa saa ngapi. Alijua mgonjwa gani amelala na nani anajifanya. Biolojia alikuwa ameshapita, Kemia ameshapita, akiwa anasoma jioni baada ya zamu. Kilichobaki kilikuwa Hesabu, na chuo cha uuguzi alichokitaka kilikuwa hakimpokei mtu aliyevuka miaka thelathini na mitano. "Mimi ni mwaka huu au basi, Resti," aliniambia siku ya kwanza tulipokwenda twisheni pamoja. "Wewe ukianguka utarudia. Mimi nikianguka, deki mpaka nife." Alisema hivyo anatabasamu, lakini alikuwa amenishika mkono, na aliubana mpaka ukaniuma.

Twisheni yenyewe ilikuwa kwa Mwalimu Jayanti, chumba cha juu, ghorofa ya kwanza, chini yake duka la viungo la kaka yake. Mwalimu alizaliwa mtaa uleule, amekulia pale, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo hasa, ukimsikia bila kumwona usingejua ni Mhindi. Alikuwa amestaafu kufundisha shule, sasa anafundisha sisi tuliokwama: makondakta, mafundi cherehani, polisi mmoja, na wanawake kama sisi. Mabenchi yalikuwa machache, wengine tulikalia magunia ya bizari. Ukitoka pale, hata daftari linanukia iliki. Na wakianza kusaga pilipili kule chini, loo! Darasa zima linapiga chafya, Mwalimu naye anapiga chafya, chaki inaruka, anasema, "Subirini, jamani, tusubiri ipite," tunakaa tunafuta macho kama tuko msibani. Saa ya mapumziko mke wake alikuwa anateremsha sinia la kachori na chai ya tangawizi, na hakukubali mtu akatae. Kupitia kwenye ngazi tulisikia biashara yote ya dukani, hasa sauti za akina mama: "Niongezee basi, baba, hata kidogo! Unanipimia kama dawa?" Na kaka mtu anajibu, "Mama, mtanifilisi," lakini tunasikia kijiko kinarudi guniani, kinaongeza.

Siku ya maswali ya kuchanganya naikumbuka vizuri. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, kama mtihani wenyewe, na Mwalimu alikuwa anatutafsiria moja moja. Muuza duka ana mchele wa daraja la kwanza, kilo shilingi mia sita, na wa daraja la pili, kilo shilingi mia nne. Anataka kuchanganya apate kilo arobaini, auze kilo shilingi mia nne na hamsini bila kupata faida wala hasara. Achukue kiasi gani cha kila mchele? Mwalimu akaandika x kwa ule mzuri, y kwa ule wa pili. Sikudhani akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu x ni kilo ngapi?" "Simjui bado." "Kama humjui, kwa nini umemwandika?" Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Nimemwandika kwa sababu simjui, dada. Ningemjua ningeandika namba." Halafu akatufundisha jambo ambalo mpaka leo nikiwa dukani kwangu, natengeneza mchele wa kuchanganya kwa wateja wa hoteli, nalifuata. Akasema kila mchanganyiko unaulizwa mara mbili tu. Kwanza, vimekuwa vingapi vyote pamoja? X na y ni arobaini. Pili, vina thamani gani vyote pamoja? Mia sita mara x, ukijumlisha mia nne mara y, ni sawa na mia nne na hamsini mara arobaini, yaani elfu kumi na nane. Sentensi mbili, wasiojulikana wawili. Ukizikutanisha, wanajitokeza wenyewe.

Tukafanya. Mimi nikapata x kumi, y thelathini, nikainua kichwa kwa maringo. Mwalimu akapita na kalamu yake nyekundu, akafika kwa Sikudhani, akasimama. Kazi yote ya Sikudhani ilikuwa sawa, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa, ambapo pia alikuwa amepata kumi na thelathini. Halafu chini ya hapo, kwa mwandiko safi, jibu: x kumi na moja, y thelathini na moja.

"Dada, hizi kilo mbili zimetoka wapi?"

"Nyongeza, Mwalimu."

"Nyongeza ya nani?"

"Ya mteja. Kwani yeye atauza arobaini kavukavu?"

Watu walicheka mpaka kaka mtu akaja kuchungulia kutoka dukani. Lakini Sikudhani hakuwa anatania. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kununua kitu kilichopimwa na kikaishia hapo. Mchele ukijaa kopo unaongezwa ngumi moja, maharage vilevile, hata dagaa. Kwake yeye, kipimo bila nyongeza ni wizi, na jibu bila nyongeza ni jibu la mtu mchoyo. Alielewa akielezwa, akatikisa kichwa, ndiyo Mwalimu, nimeelewa. Kesho yake akapewa swali la sukari, akaongeza. La kahawa, akaongeza. Safari nyingine aliongeza nusu tu, akidhani Mwalimu amekataa wingi wake. Mwalimu Jayanti alipata naye shida ya kweli, na uzuri wake ni kwamba hakuwahi kumpandishia sauti. Alimwambia tu, "Dada Sikudhani, msahihishaji wa mtihani hanunui mchele. Ataona namba mbili, atakata."

Mimi ndiye niliyepandisha sauti. Ilikuwa nyumbani, jioni, tunakula ugali na dagaa wa nazi kwenye sinia moja, nikamwambia, "Dada Siku, wewe ni mkaidi. Mtu mzima unaambiwa kila siku, husikii." Akaweka tonge chini. Akasema mkono wake unaandika wenyewe, anaukuta umeshaandika. Akisoma tu neno mchele anasikia sauti za sokoni, anamwona mama amesimama na kikapu, na mkono unaongeza. Kisha akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu yanashuka kwenye dagaa. "Nitaanguka kwa kilo mbili, Resti. Watu wanaanguka kwa mambo makubwa, mimi nitaanguka kwa kilo mbili." Kule chumba cha pili hata ugomvi wa nazi ulinyamaza. Kisha mke wa Mlindi akaita kupitia juu ya ukuta, "Dada Siku, usilie, Mungu yupo." Nilijisikia vibaya sana. Nikamkunjia tonge, nikamlisha mwenyewe, ule ugali wa mwisho.

Dawa yake ilipatikana Jumamosi moja, na haikupatikana kwa akili yangu, nisijisifu. Nilikuwa uani nachagua mchele kwenye ungo, yeye ametoka zamu ya asubuhi, anajipaka mafuta ya nazi mikononi. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka, vyekundu kwenye maungio. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema mhudumu mpya amemchanganyia dawa ya kupigia deki bila kupima, akazidisha, naye akaingiza mikono kabla ya kujua. Alikuwa amekasirika kweli. "Dawa haizidishwi! Nimemwonyesha mstari kwenye ndoo, nimemwambia hapa ndiyo hapa, yeye anamimina tu kama anapika uji!" Nikaacha kuchagua mchele. Nikamwambia, "Hebu, dada. Una dawa kali, ya asilimia ishirini. Una nyepesi, ya asilimia tano. Unataka lita thelathini za asilimia kumi. Utachukua ngapi ngapi?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi la uani, palepale karibu na mafiga. X na y ni thelathini. Ishirini mara x, ukijumlisha tano mara y, ni kumi mara thelathini. Akaenda chini taratibu, anafuta kwa kiganja, anaandika. "Kali lita kumi, nyepesi lita ishirini."

"Na nyongeza?"

"Una wazimu, Restituta? Uwaunguze watu?"

Halafu akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Bi Mwanahawa, aliyekuwa amekaa kibarazani anamenya mihogo, akauliza kuna nini mbona tumetoa macho. Sikudhani akaanza kucheka, kile kicheko chake cha ndani ya mto, lakini sasa hakukuwa na mto, kikatoka chote. "Mchele ni dawa," akasema. "Resti, mchele nao ni dawa!" Tangu siku hiyo, kila swali lililokuja, la mchele, la chai, la mafuta ya taa, la maziwa na maji, yeye aliliingiza wodini kwanza. Mchele wa mia sita ukawa dawa ya nguvu mia sita. Muuza duka akawa nesi wa zamu. Alikuwa ananong'ona peke yake anapoandika, "Hapa ndiyo hapa," na akifika kwenye jibu anaweka kalamu chini haraka na kukalia mkono. Ndiyo, alikuwa anaukalia mkono wa kulia! Mwalimu Jayanti alipoelezwa alifurahi mpaka akampelekea mke wake habari huko jikoni, na siku hiyo kachori ziliongezwa.

Ya mtihani ni machache. Tulinunua kalamu mbili mbili. Bi Mwanahawa alitupikia uji wa mchele wenye pilipili manga, akasoma dua yake, mimi nikapiga ishara ya msalaba, tukaondoka kwa miguu kupitia Gerezani, tunaulizana fomula katikati ya mafundi wanaogonga vyuma. Swali la kuchanganya lilikuja, lilikuwa la majani ya chai. Nililifurahia sana, nikalimaliza haraka, nikamwangalia Sikudhani mistari mitatu mbele yangu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha nikaona bega la kulia linashuka, mkono unaingia chini ya paja, nikajua amemaliza na amejizuia. Nilipotoka nilikuwa na uhakika. Niliona yamekwenda vizuri kabisa, nikawa hata nampa moyo yeye, namwambia asiwe na wasiwasi. Miezi ile ya kungoja yeye alipiga deki kimya kimya, akapunguza kula, na siku ya kuzaliwa kwake ya thelathini na mitano ilipokaribia aliniomba nisimtajie.

Matokeo aliyaleta Mwalimu Jayanti mwenyewe. Alikuwa amekwenda kuyaangalia yalipobandikwa, na badala ya kutungoja twisheni, akaja mpaka nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ilikuwa baada ya adhuhuri, sote tuko uani. Mke wa Mlindi anakuna nazi, Bi Mwanahawa anaosha mchicha, Sikudhani anafua sare zake. Mwalimu akapita koridoni, akavua viatu, akasimama pale penye jua na soksi zake. Tukamwamkia, shikamoo Mwalimu, akajibu marahaba, marahaba, akamsalimu na Bi Mwanahawa vizuri, akauliza hali ya nyumba. Nilijua hapo hapo kwamba kuna jambo, maana mtu mwenye habari njema tupu hasalimii hivyo. "Dada Sikudhani," akasema. "Umepata D. Umepita." Kisha akanigeukia, na akaniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau. "Restituta, mwanangu. Wewe bado." Mpaka leo sijui nilikosea wapi, karatasi za mtihani hazirudi. Alisema na mengine, kwamba nilikuwa na uwezo, kwamba nirudie, kwamba atanifundisha bure. Sikuyasikia vizuri.

Sikudhani alikuwa amesimama na sare inachuruzika maji. Sauti yake ya kigelegele ilijulikana mtaa mzima. Kwenye harusi walikuwa wanamfuata aje apige, maana akipiga yeye wengine wote wanasikika kama vifaranga. Na nilikiona kigelegele kile kinapanda, kimefika shingoni, halafu akaona uso wangu, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akabaki hivyo. Akanijia na sura ya mtu anayekuja kutoa pole, siku ileile aliyoingojea maisha yake yote. "Resti, mdogo wangu," akasema kupitia vidoleni. Mbuzi ya nazi imesimama, bomba linadondoka, Bi Mwanahawa ananiangalia mimi. Wote walikuwa wananiangalia mimi, hawajui kama waje kwangu au waende kwake. Na mimi nasema kweli, kilichonijia kwanza kilikuwa wivu. Wivu mchungu. Mimi niliyemwonyesha, mimi niliyempigia kelele, mimi niliyepata kumi na thelathini siku ya kwanza! Nilitaka kuingia ndani, nijifunike shuka, nisimwone mtu. Nikaiangalia mikono yake pale mdomoni, ile mikono, na mabaka yake ya dawa kwenye maungio, inavyoizuia furaha. Wivu haukwisha, lakini nikaona siwezi kuiacha mikono ile pale.

"Dada Siku, toa mikono mdomoni."

Akatikisa kichwa.

"Toa, nakwambia! Nesi gani anajiziba mdomo?"

Hakutoa. Basi nikapiga mimi. Sijawahi kuwa hodari wa vigelegele, ulimi wangu mzito, na siku hiyo koo lilikuwa limejaa machozi. Kilitoka kibovu, kikakatika katikati, kikaishia kwenye kikohozi. Mwalimu Jayanti akaangalia chini, kwenye soksi zake. Bi Mwanahawa akasema kwa upole, "Hicho mwanangu hata mlangoni hakijafika." Nikafuta pua kwa mkono wa gauni, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikaniuma, nikapiga cha pili, nikamwangalia usoni, na hicho alikiitikia mwenyewe kwa kigelegele chake.